Mbiu ya Kerneli: Utangulizi wa Elimu ya Kutangaza Vifaa Vinavyochomekwa na Kuchomolewa

Chomeka modemu ya USB kwenye kompyuta inayoendeshwa na Linux. Kabla hujatoa mkono kwenye tundu, dirisha limeshafunguka kwenye skrini likikuuliza kama unataka kuingia kwenye intaneti. Tumelizoea jambo hili hata hatulioni tena. Lakini programu iliyofungua dirisha lile haina jicho la kuona tundu la USB, wala hairuhusiwi kugusa saketi zake. Kuna aliyeipasha habari. Ni nani huyo, alitumia njia gani, na habari ingekwenda wapi kama programu ile ilikuwa bado haijawashwa?

Utangulizi huu ni wa msomaji anayetaka kuyajibu maswali hayo mwenyewe, hasa yule anayeanza kuandika draiva na kujiuliza draiva yake ifanye nini siku kifaa kikiingia au kikitoka. Inatosha kuwa umewahi kuandika kidogo lugha ya C na huogopi terminali. Nitashughulika na Linux peke yake. FreeBSD ina devd yake, na Windows ina utaratibu wake, lakini msimbo wa Linux uko wazi kwa yeyote kuusoma, na Linux ndiyo kerneli iliyomo ndani ya simu za Android ambazo wengi wetu tunatembea nazo. Tena mahali penyewe pa kusoma si pakubwa. Kiini cha elimu hii kimo katika faili moja, lib/kobject_uevent.c, ambalo halifiki mistari elfu moja.

Anayejua na anayeamua

Mfumo endeshi una pande mbili. Upande mmoja ni kerneli, yenye mamlaka juu ya maunzi yote. Upande wa pili, ambao nitauita upande wa mtumiaji, ndiko zinakoishi programu nyingine zote, kuanzia kivinjari hadi huduma zinazojiendesha bila wewe kuziona. Kati yao kuna mpaka unaolindwa na kichakataji chenyewe. Programu ikihitaji kitu hupeleka ombi: fungua faili hili, soma baiti hizi, tuma pakiti ile. Kerneli hutekeleza na kujibu. Mazungumzo ya kawaida huanzia upande wa mtumiaji.

Kifaa kinapochomekwa, mwelekeo unageuka. Mwenye habari ni kerneli, na hakuna aliyeiuliza. Programu ingeweza kuuliza kila sekunde kama kuna kipya, lakini hiyo ni kazi bure kwa siku nzima, na kwenye simu ni betri inayoliwa bila sababu. Inatakiwa njia ya habari kupanda kutoka chini kwenda juu.

Mwanafunzi makini atauliza: kwani kerneli isimalize kazi yenyewe? Imeiona flashi, inaelewa mifumo mingi ya mafaili, basi iifungue na kuiweka mahali pake. Ubaya ni kwamba flashi hiyohiyo, kwenye kompyuta ya nyumbani, mwenyewe anataka ifunguke papo hapo. Kwenye kompyuta ya karani wa benki, imekatazwa kabisa. Kwenye seva, inatakiwa isubiri msimamizi. Jina ipewe lipi? Nani aruhusiwe kuisoma? Hayo ni maamuzi ya watu na ofisi zao, na yakiandikwa ndani ya kerneli yatamlazimisha kila mtu afuate matakwa ya aliyeyaandika. Kerneli inajua kilichotokea. Haijui wewe unataka kifanyike nini. Kila kitakachofuata kimejengwa juu ya mgawanyo huo, na kila mara ulipovunjwa, watu walikuja kuutengeneza upya.

Njia zilizojaribiwa

Zamani hapakuwa na tangazo lolote. Vifaa viliwakilishwa na mafaili maalumu ndani ya saraka ya /dev, kila faili likibeba namba mbili: kubwa inayotaja draiva na ndogo inayotaja kifaa chenyewe. Mafaili hayo yalitengenezwa mapema kwa skripti iliyoitwa MAKEDEV, kwa ajili ya kila kifaa ambacho pengine siku moja mtu angekuwa nacho. Saraka ikajaa maelfu ya majina ya vifaa visivyokuwepo, na kulitazama jina hakukukuambia kama kifaa kipo. Namba zenyewe zilikuwa na biti 8 kila moja, yaani nafasi 256, na dunia ya vifaa ilikuwa inakua.

Mwaka 2000 ikaingia devfs, kazi ya Richard Gooch. Sasa kerneli yenyewe ilitengeneza majina ya vifaa vilivyopo na kuyafuta vilipoondoka. Tatizo la wingi likaisha, likazuka la pili: majina yalikuwa yamechaguliwa na kerneli. Hapo ndipo mgawanyo niliousema ulipovunjwa, na mabishano hayakuisha hadi devfs ilipoondolewa katika toleo la 2.6.18, mwaka 2006.

Wakati huohuo, toleo la 2.4, lililotoka Januari 2001, lilikuja na njia nyingine ambayo napenda wanafunzi waijue vizuri, kwa sababu kasoro zake ndizo zilizozaa tulichonacho leo. Kila kifaa kilipoingia au kutoka, kerneli ilianzisha mchakato mpya upande wa mtumiaji, ikiendesha programu iliyotajwa ndani ya /proc/sys/kernel/hotplug, kwa kawaida /sbin/hotplug. Habari zilipitishwa kama vigezo vya mazingira: ACTION ilisema kimetokea nini, na baadaye DEVPATH ikasema wapi, SUBSYSTEM ikasema ni jamii gani ya kifaa. Ilikuwa njia nyepesi kupendeza. Mistari mitano ya skripti ya shell ilitosha kupokea habari, na hata sasa vifaa vidogo vinavyotumia BusyBox huendesha programu yake ya mdev kwa mtindo huu.

Ila fikiria kompyuta inawaka. Kila diski, kila sehemu ya diski, kila kidhibiti, kila tundu ni tangazo, na kila tangazo ni mchakato. Mamia ya michakato huzaliwa ndani ya sekunde chache, wakati ambapo mashine ina kazi nyingi kuliko wakati mwingine wowote. Na hilo lilikuwa dogo. Michakato miwili ikianzishwa kwa kufuatana, hakuna sheria inayosema wa kwanza ndio utakaomaliza kwanza. Chomeka flashi, ichomoe upesi: mchakato wa kuondoka unaweza kumaliza kabla ya ule wa kuingia, na mwisho wa yote mfumo ukabaki na jina la kifaa kilichokwisha kuondoka. Ndiyo sababu kila tangazo lilipewa namba ya mfululizo, SEQNUM, ili mpokeaji aweze kuyapanga upya.

Ukiona mtu anaongeza namba za mfululizo kwenye ujumbe, ujue njia anayoitumia haihifadhi mpangilio, na pengine suluhisho ni kubadili njia. Njia ilibadilishwa katika 2.6.10, mwishoni mwa 2004, kwa kazi ya Robert Love na Kay Sievers: matangazo yakaanza kupita kwenye soketi ya netlink, ambayo kerneli huitumia kurusha ujumbe kwa kila mchakato uliojiunga na kundi fulani. Hakuna tena kuzaa mchakato kwa kila habari. Mpokeaji ni mmoja, amekaa tayari, anasoma ujumbe mmoja baada ya mwingine kwa mpangilio uleule uliorushwa. Njia ya zamani haikufutwa, imebaki kama chaguo la kuwasha wakati wa kujenga kerneli, lakini maelezo ya systemd, programu inayosimamia huduma kwenye mifumo mingi ya Linux, yanashauri ibaki imezimwa.

Huyo mpokeaji kwenye kompyuta nyingi ni udev, aliyoianzisha Greg Kroah-Hartman mwaka 2003 kwa nia ya kufanya ilichofanya devfs, lakini kutokea upande wa mtumiaji. Tangu 2012 msimbo wake umo ndani ya systemd. Kwenye Android kazi hiyo inafanywa na ueventd. Udev isingewezekana bila nguzo nyingine ya toleo la 2.6: sysfs, iliyoasisiwa na Patrick Mochel, ambayo huonyesha kila kifaa kama saraka chini ya /sys, na sifa za kifaa kama mafaili madogo ndani yake. Shikilia hilo la sysfs. Wengi hulipita haraka wakikimbilia netlink, na baadaye hulazimika kurudi.

Mbiu na jambo lake

Hivi ndivyo tangazo linavyoonekana pale modemu ya Huawei inapochomekwa. Sehemu hutenganishwa na baiti ya sifuri. Hapa nimeziweka kila moja kwenye mstari wake.

add@/devices/pci0000:00/0000:00:14.0/usb1/1-2
ACTION=add
DEVPATH=/devices/pci0000:00/0000:00:14.0/usb1/1-2
SUBSYSTEM=usb
MAJOR=189
MINOR=6
DEVNAME=bus/usb/001/007
DEVTYPE=usb_device
PRODUCT=12d1/1446/0
SEQNUM=4127

Jambo la kwanza la kuangalia ni ufupi wake. Bafa ya vigezo hivi ndani ya kerneli ina baiti 2,048 tu, na vigezo haviwezi kuzidi 64. Hakuna nafasi ya kueleza kifaa kwa urefu, na hilo limefanywa makusudi. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Hawakusema kwamba mlio wa baragumu ndio jambo lenyewe. Aliyesikia alitoka nje akaenda uwanjani kuuliza. Tangazo la kerneli ni baragumu hilo, na uwanja ni sysfs. DEVPATH ni njia ya kufika huko: iunganishe na /sys mwanzoni, na utakuta saraka ya kifaa ikiwa na jina la mtengenezaji, namba ya mfululizo wa bidhaa, kasi ya muunganiko na mengineyo.

Ukilielewa hilo umeshapata robo tatu ya elimu hii. Draiva nzuri huweka ukweli wake mahali panaposomeka wakati wowote, kisha hutumia tangazo kusema: tazama hapa. Draiva mbaya hubeba ukweli ndani ya tangazo lenyewe, na asiyekuwepo lilipopita hataujua kamwe.

Nimechagua modemu kwa sababu safari yake ina kona. Modemu hizi ziliuzwa sana na kampuni za simu Afrika Mashariki miaka ya 2010 hivi, na aliyezitumia kwenye Linux atakumbuka kwamba mara ya kwanza kompyuta haikuona modemu hata kidogo. Iliona kama CD. Watengenezaji walikuwa wameweka programu ya Windows ndani ya kifaa, na ili ijifungue yenyewe, kifaa kilijitambulisha kwanza kama kisoma CD. Mtambulisho 12d1:1446 katika tangazo la hapo juu ni wa sura hiyo ya kwanza.

Fuata matangazo yanavyopishana. Baada ya tangazo la kifaa chenyewe linakuja la kiolesura chake, likiwa na kigezo kinachoitwa MODALIAS, ambacho ni mfuatano mmoja mrefu wa herufi na tarakimu unaotaja mtengenezaji, bidhaa na aina ya kazi. Udev huulinganisha na orodha iliyotengenezwa na depmod kutoka kwenye draiva zote zilizosakinishwa, kisha hupakia moduli inayofaa. Hapa ni usb-storage, draiva ya vifaa vya kuhifadhia. Halafu kanuni ya udev, yaani agizo lililoandikwa kwenye mafaili yake ya usanidi, inautambua mtambulisho na kuita programu ya usb_modeswitch, iliyoandikwa na Josua Dietze. Hiyo hupeleka amri inayokiambia kifaa kibadilike. Kifaa hujikata chenyewe kwenye USB, kana kwamba umekichomoa: tangazo la remove. Kisha hurudi na mtambulisho mwingine: add. Safari hii kigezo cha MODALIAS kinaita draiva nyingine, option, nayo inazaa ttyUSB0, ttyUSB1 na wenzao, kila mmoja kwa tangazo lake. Programu ya mawasiliano huwa inawasubiri hao.

Mkono wako umefanya tendo moja. Kerneli imetoa matangazo zaidi ya kumi. Anayeandika programu akidhani kuchomeka kifaa ni tukio moja hujikuta ameshika kifaa cha sura ya kwanza, ambacho sekunde moja baadaye hakipo.

Kalamu ikiwa mkononi mwako

Sasa uko upande wa pili wa mpaka, unaandika draiva. Habari njema ni kwamba mara nyingi hutakiwi kufanya lolote. Ukisajili kifaa kwa device_register au device_add, tangazo la add hutoka lenyewe. Ukikiondoa, remove hutoka lenyewe. Wanafunzi wengi wanaotafuta jinsi ya kutuma tangazo la kuingia wameshalituma bila kujua.

Ila hapohapo pana mtego. Draiva husajili kifaa, kisha kwenye mstari unaofuata huongeza mafaili yake ya sifa kwenye sysfs. Kwenye karatasi inaonekana sawa. Lakini tangazo limeshatoka wakati wa kusajili, na udev, ambayo huenda iko kwenye kiini kingine cha kichakataji, imeshakimbilia /sys na kukuta saraka haina faili inalolitafuta. Kanuni haifanyi kazi, na hitilafu yenyewe hutokea leo, kesho isitokee, kwa kutegemea nani amewahi. Greg Kroah-Hartman amelirudia onyo hili kwa miaka: orodha ya sifa iunganishwe na kifaa kabla ya kukisajili, kupitia makundi ya sifa yaliyowekwa kwenye muundo wa kifaa, ili kerneli iyatengeneze mafaili kwanza na kutangaza baadaye. Kama hali inakulazimisha kuchelewa, kuna dev_set_uevent_suppress, ya kuzuia tangazo hadi utakapokuwa tayari. Itumie kwa uchache.

Kazi yako halisi huanza pale kifaa kinapobaki kilekile lakini hali yake inabadilika. Mfano ninaoupenda ni skrini. Kadi ya michoro ipo tangu kompyuta ilipowaka, kwa hiyo ukichomeka kebo ya HDMI hakuna kifaa kilichozaliwa. Kilichotokea ni kwamba mguu wa 19 wa plagi, uliotengwa kwa ajili ya kazi hii, umepata volti kutoka kwenye skrini. Katizo linaifikia draiva. Draiva hutazama kila tundu lina nini, kisha, kwa jina la kadi nzima, hutoa tangazo la change lenye kigezo HOTPLUG=1. Basi. Tangazo halisemi skrini ni ya ukubwa gani wala ina nukta ngapi. Mazingira ya dawati hupokea, huiuliza kerneli hali mpya ya matundu, na ndipo hupata EDID, ule waraka ambao skrini hujieleza nao kwa vipande vya baiti 128. Kigezo cha kutaja tundu lililoguswa kimeongezwa baadaye ili kupunguza kazi ya kuuliza, lakini kinabaki kuwa dokezo.

Namna ya kutoa tangazo hilo kutoka kwenye draiva ni wito mmoja, kobject_uevent_env, unaopewa kifaa, kitendo cha KOBJ_CHANGE na orodha ya vigezo vya ziada. Unatakiwa kujua jambo moja kuuhusu: huomba kumbukumbu na hushika kufuli, kwa hiyo unaweza kulala. Usiuite ndani ya kishughulikia katizo, mahali ambapo kulala ni marufuku. Katizo liandike tu kwamba kuna kazi, na kazi ifanywe baadaye kwenye foleni ya kerneli. Ucheleweshaji huo una faida ya pili. Chuma kikigusana na chuma hurukaruka kabla ya kutulia, na bila subira kidogo utatangaza mara tano kitu kilichotokea mara moja. Draiva ya i915 ya Intel imekwenda mbali zaidi: makatizo ya tundu moja yakizidi kiwango ndani ya sekunde moja, hulizima katizo hilo, hugeukia kuuliza kwa vipindi, na baada ya dakika 2 hulijaribu tena. Kebo mbovu zipo, na aliyeiandika sehemu hiyo alizifahamu.

Umeme nao una habari zake. Tanesco au Kenya Power wakikata umeme na kompyuta ya mkononi ikabaki na betri, draiva ya chaja huita power_supply_changed, na tangazo la change hutoka likiwa na POWER_SUPPLY_ONLINE=0. Huduma ya betri ya Android husikiliza matangazo ya jamii hiyohiyo. Ukichomoa chaja na alama ya umeme ikatoweka juu ya skrini ya simu, njia iliyopita ni hii.

Mahali pa kusema hapana ni pale watu wanapotaka kuifanya mbiu kuwa bomba la data. Kuna anayetaka kutuma vipimo vya joto kila sekunde, au kila kitufe kinapobonyezwa. Vitufe vina mfumo wao wa kuingiza data. Hali ya viungo vya mtandao ina rtnetlink. Thamani moja inayobadilika ndani ya sysfs inaweza kuarifiwa kwa sysfs_notify, ambapo anayehitaji pekee ndiye anayesubiri. Kila tangazo la change huamsha udev, huipitisha kwenye kanuni zake zote, kisha hupelekwa kwa wasikilizaji wengine wote. Nionavyo, jambo linalotokea mara nyingi kuliko mkono wa mtu unavyoweza kuchomeka na kuchomoa halistahili njia hii, isipokuwa uwe na sababu nzito.

Mbiu inayopotea, mbiu ya uongo

Kerneli haisubiri. Ikirusha tangazo na bafa ya msikilizaji imejaa, tangazo hutupwa, na msikilizaji atakaposoma tena soketi yake atapata kosa la ENOBUFS: kuna ulichokosa, hutaambiwa ni nini. Udev hujikinga kwa kuomba bafa ya megabaiti 128. Na kabla udev haijaanza? Vifaa vilivyokuwemo tangu mwanzo vilitangazwa wakati hakuna wa kusikia.

Dawa ya hali zote mbili ni ileile, rudi kwenye sysfs. Kila saraka ya kifaa ina faili liitwalo uevent. Ukiandika neno add ndani yake, kerneli hutangaza upya. Amri ya udevadm trigger, ikipewa --action=add, huzunguka /sys nzima ikifanya hivyo, na ndivyo vifaa vya tangu mwanzo hupata majina, ruhusa na draiva zao. Programu yako ndogo nayo ifuate mpangilio huu: fungua soketi kwanza, kisha orodhesha vilivyomo kwenye sysfs, kisha anza kusoma matangazo. Ukigeuza, yaani ukaorodhesha kwanza, kifaa kitakachoingia katikati ya hatua hizo mbili hutakijua. Kwa mpangilio sahihi unaweza kukiona mara mbili, kwa hiyo msimbo wako uvumilie kupokea habari ya kifaa ambacho tayari unacho.

Kanuni ya kwenda kutazama ina mahali inapogoma, nalo ni tangazo la remove. Likikufikia, saraka ya kifaa imeshafutwa au inafutwa; hakuna pa kutazama. Ndiyo maana udev huweka kumbukumbu zake yenyewe chini ya /run/udev/data, ili iweze kumwambia msikilizaji ni nini hasa kilichoondoka.

Kuna pia suala la nani anayesema. Mwaka 2009 Sebastian Krahmer wa SUSE aligundua kwamba udev haikuwa inahakikisha kuwa ujumbe wa netlink umetoka kwenye kerneli. Mtumiaji wa kawaida aliweza kujitungia tangazo la uongo, udev ikaliamini, naye akajipatia mamlaka ya ruti. Kasoro hiyo iliandikishwa kama CVE-2009-1185, na tangu hapo kila msikilizaji makini hukagua kitambulisho cha mtumaji, ambacho kwa kerneli ni sifuri, pamoja na hati za mchakato uliotuma. Ni hoja nzuri ya kutumia maktaba ya libudev badala ya kujiandikia soketi yako. Hoja nyingine ni kwamba kuna makundi mawili ya matangazo: la kerneli, na lile ambalo udev hulirusha baada ya kumaliza kanuni zake. Programu za kawaida zisikilize la pili, kwa kuwa la kwanza laweza kukufikia kabla ruhusa za faili la kifaa hazijawekwa.

Usidhani kwamba mambo yote haya yametulia. Toleo la 4.14, mwaka 2017, liliongeza vitendo viwili vipya, bind na unbind, vya kusema kwamba draiva imeshikana na kifaa au imeachana nacho. Nyongeza ndogo, ungedhani. Lakini kanuni nyingi za udev zilikuwa zimeandikwa zikidhani kitendo kisicho remove ni ama add ama change, na kitendo kigeni kilipokuja baada ya add zikazifuta sifa zilizokwisha kuwekwa. Systemd toleo la 247, mwaka 2020, lililieleza jambo hilo kwa urefu kama kutolingana kulikoletwa na kerneli, likawataka waandishi wa kanuni wazipange upya: zirukwe kwa remove pekee, zifanye kazi kwa mengine yote.

Kwa kuanza huhitaji kifaa kipya. Fungua terminali, endesha udevadm monitor --kernel --property, kisha chomoa chaja ya kompyuta yako na uirudishe. Linganisha unachokiona na mafaili yaliyomo ndani ya /sys/class/power_supply, chini ya AC, ADP1 au jina lolote ambalo mashine yako imeipa chaja. Ukimaliza, usiguse waya tena. Kwa mamlaka ya ruti, andika neno change ndani ya faili la uevent la chaja hiyo. Tangazo litatoka, lenye vigezo vilevile na namba mpya ya mfululizo, juu ya umeme ambao haukuguswa na mtu. Na tangu toleo la 4.13 utaona mstari mmoja wa ziada, SYNTH_UUID=0, ambao kerneli huuweka kwenye kila tangazo lililoombwa kwa mkono bila kupewa utambulisho wake.